Sifa za Mchambuzi wa Msibani

Kwa miaka mingi sisi wa Mkwaja tulikuwa tukicheka ovyo ovyo. Mtu akitoa neno la kuchekesha barazani, tunacheka, wengine mpaka wanashika mbavu, kisha tunafuta machozi na kurudi kwenye nyavu zetu. Hakuna aliyeuliza tumecheka nini. Hakuna aliyejiuliza kicheko kile kilikuwa na dhamira ipi, wala kama aliyetuchekesha alifaulu kifani lakini akaanguka kimaudhui. Tulikuwa tunakula embe tu, hatujali mwembe ni wa nani.

Alhamdulillahi, hali hiyo imekwisha. Tumepata Mchambuzi.

Sitamtaja jina, na mwenyewe hataki litajwe. Jina, anasema, linamfunga mtu, cheo kinamfungua. Alifundisha Kiswahili sekondari mpaka akastaafu, akarudi nyumbani na begi moja la nguo na maboksi manne ya vitabu. Ukikutana naye asubuhi, ukamwambia, “Shikamoo, mwalimu,” ataitika, “Marahaba,” kisha atasimama. Hapo ndipo ujue umepata bahati. Atakueleza shikamoo ilitoka wapi, nani aliyekuwa akishika miguu ya nani, na kwa nini wewe umeitamka haraka haraka kama mtu anayekimbilia mnada wa samaki. Nawe ni kweli ulikuwa unakimbilia mnada wa samaki, na kapu unalo kichwani, na jua linapanda.

Kwa asiyepajua, Mkwaja ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Pangani. Ukitoka Tanga unafika Pangani, unavuka mto kwenda Bweni, halafu unashika njia ya kusini, minazi na mashamba ya mkonge, mpaka uanze kuulizia. Ng'ambo yetu ya kusini ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ile ambayo tembo wake wanaweza kwenda kuiangalia Bahari ya Hindi kama watalii. Zamani sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa Ranchi ya Mkwaja. Ilianzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya Amboni, wale wa mkonge, wakaleta ng'ombe kwa maelfu. Walikata vichaka, wakachimba mabwawa, ng'ombe wakapigwa sindano kila baada ya muda. Mbung'o naye hakuchoka. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa, ardhi ikaingizwa hifadhini, na leo wageni wanalipa dola kuangalia pale palipokuwa na zizi. Mbung'o hakuandikiwa hata barua ya shukrani. Nalitaja hili ili msomaji aelewe kwamba watu wa huku tumezoea kunufaika na vitu vinavyotuuma.

Sasa nieleze jinsi Mchambuzi alivyotuokoa msibani.

Alifariki mzee wetu mmoja, mvuvi wa mshipi, mwenye minazi kumi na mmoja, miguu miwili isiyolingana urefu, na madeni ambayo hesabu yake aliijua yeye, Mola wake na mwenye duka. Hakuwa mshairi wa vitabuni. Alikuwa wa wale wanaotunga kichwani wakiwa mtumbwini, wanasubiri changu ale chambo. Lakini shairi moja aliliandika, kwenye karatasi ya daftari la hesabu, lile lenye miraba, akaliweka chini ya godoro na kuwaambia wanawe: “Hilo ni la siku yangu. Akisome mtani, asisome mwingine.” Hivyo ndivyo alivyosema, “akisome”, kama vile shairi ni kitu kimoja na cheti.

Watani walikuwa wameshafanya kazi yao tangu siku ya mazishi. Walilizuia jeneza mlangoni mpaka wakapewa chao. Mmoja alivaa koti la marehemu na kofia yake, akatembea uwanja mzima akichechemea vile vile, akimkopa kila aliyefika kutoa rambirambi. “Nipe elfu mbili, nitakurudishia Ijumaa,” anasema, na sauti ni ile ile. Watu waliotoka mbali, wasiojua mambo ya utani, walitoa pesa.

Siku ya tatu tukaanua matanga. Hitima imesomwa, chetezo bado kinafuka, chai ya tangawizi inagawiwa. Mtani akasimama na karatasi. Shairi lina beti nne. Nitaweka hapa mbili za mwanzo. Ya tatu nitaifikia. Ya nne inamhusu shemeji mmoja ambaye bado yu hai na anatembea na bakora.

Siku nikishafukiwa, mkarudi majumbani,
Sinia zikigawiwa, pilau kibarazani,
Kilio kitapunguwa, mkono u siniani,
Mkinisahau heri, deni halitasahau.

Dukani kuna sukari, na kiberiti cha moto,
Mwenye duka atakiri, msiba kwake mzito,
Kwa kilio ni hodari, apita hata watoto,
Mkinisahau heri, deni halitasahau.

Uwanja ulivunjika. Mwenye duka mwenyewe, aliyekuwa amekaa karibu na jamvi la wazee, alijifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Vijana walilala chini. Na ndani, nyuma ya pazia, tulimsikia kizuka akicheka, kisha analia, kisha anacheka tena, na wanawake wenzake wakimwambia, “Ndiye yeye huyo, ndiye yeye huyo kabisa.” Kwa muda ule mfupi marehemu alikuwa kama amerudi, ameegemea mlango, anasubiri kikombe chake. Bila shaka msomaji anaona hatari iliyokuwapo. Watu mia na zaidi, msibani, wanacheka bila mwongozo.

Mchambuzi akasimama.

“Samahanini,” alisema. “Tusiliache shairi hili likapita hivi hivi.”

Aliomba karatasi, akaipata. Alitoa kaunta buku kwenye mfuko wa koti, akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya. Kwanza alihesabu mizani, kwa sauti, kwa vidole, mshororo mmoja mmoja. Kumi na sita. Kumi na sita. Alipofika kwenye “mkono u siniani” akakwama. Je, ile “u” imesimama kama mzani kamili, au marehemu ameiweka kuziba pengo? Aliwataka wazee maoni. Wazee walitazama chai. Akamleta Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu kizima cha sheria za kutunga mashairi, na akaeleza kuwa shairi linalovunja sheria zile huitwa guni. Mzee mmoja asiyesikia vizuri akadhani ni marehemu ndiye aliyeitwa jina hilo, ikabidi atulizwe. Mwishowe “u” ilikubaliwa. Chai ilikuwa imepoa, lakini tulikuwa tumemaliza jambo.

Kisha akatupeleka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika miaka ya 1970, alisema, wasomi waligombana vikali. Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani, wanamapokeo wakasema hayo si mashairi, wanamabadiliko wakasema ni mashairi tena ya kweli, na magazeti yakajaa. “Marehemu,” akasema Mchambuzi, “katika mgogoro huu amesimama wazi upande wa wanamapokeo.” Kutoka nyuma ya pazia sauti ya kizuka ikauliza kwa uchovu marehemu amegombana na nani tena.

Lakini hayo yalikuwa maji ya kunawa mikono. Chakula chenyewe kilikuwa maudhui. Sinia, tulifahamishwa, ni dunia. Pilau ni starehe zake zipitazo. Mkono ulio siniani ni ubinafsi wa mwanadamu. Sukari ni utamu wa maisha, kiberiti ni moto wa Akhera, na mwenye duka anawakilisha mfumo wa unyonyaji.

Mwenye duka, ambaye alikuwa ameleta kilo tano za mchele msibani bila kuombwa, aliondoa kofia usoni.

“Samahani, mwalimu. Na deni?”

“Deni ni sitiari,” Mchambuzi akajibu. “Ni lile deni ambalo kila kiumbe anadaiwa na Muumba wake.”

“Kwa hiyo zile elfu kumi na saba na mia tano zangu ni sitiari?”

Mchambuzi alifikiri. Huyu si mtu wa kujibu haraka haraka.

“Kwa muktadha huu, ndiyo.”

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu desturi. Kwetu, kabla maiti hajateremshwa kaburini, mtu wa familia husimama na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, aseme na wenye msiba. Deni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Hilo halina mjadala. Siku ya mazishi tangazo lilitolewa, na mwenye duka, kwa haya, hakutaka kutaja kiberiti mbele ya kaburi lililo wazi. Alisema moyoni atakuja matanga yakishaanuliwa. Na marehemu, kwa jinsi ninavyomjua, alilitunga shairi lile akijua fika kwamba mwenye duka atakuwa na haya. Alimsemea. Huo ndio ulikuwa mzaha wenyewe: maiti anajitangazia deni lake kwa sababu anayemdai ameshindwa kulitaja.

Hayo ni maoni yangu ya kienyeji, na sikuthubutu kuyatoa pale. Mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye tangu darasa la saba hakuwahi kuipenda fasihi, aliinua mkono na kumwomba mwalimu arudie ile sehemu ya sitiari, taratibu, ili aiandike.

Mchambuzi alimalizia, kama inavyotakiwa, na kufaulu na kutofaulu kwa msanii. Kifani marehemu alifaulu, isipokuwa ile “u”. Kimaudhui hakufaulu, kwa kuwa ameonyesha tatizo la kifo bila kutoa suluhisho.

Ilikuwa karibu na adhuhuri. Tuliondoka mmoja mmoja, kimya, kama inavyofaa watu waliotoka msibani. Nakumbuka mtoto mmoja akimuuliza mama yake kwa nini watu wameacha kucheka, na mama akamwambia anyamaze, wanafikiri.

Wapo wanaomsema Mchambuzi kwa chini chini. Mimi siko nao. Kwanza, hakuyaokota haya jalalani. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha, na kizazi baada ya kizazi cha kidato cha tatu na cha nne kimepita mikononi mwa watu kama yeye kikiwa na Wasakatonge ya Muhammed Seif Khatib kwapani, na Malenga Wapya, na Mashairi ya Chekacheka ya Theobald Mvungi. Hiki cha mwisho kinanigusa. Jina lake ni Mashairi ya Chekacheka, na bado nimepita dirishani nikaona darasa zima likikisoma bila jino hata moja kuonekana. Ubaoni kuna safu: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo. Mwalimu anauliza, “Mshairi ametumia mbinu gani?” Darasa: “Kejeli!” “Vizuri sana.” Wanaandika kejeli, wanapiga mstari chini yake kwa rula. Kuzuia watoto arobaini na tano wasicheke, wakiwa na kitabu cha kuchekesha mkononi, saa sita mchana, si kazi ya mtu wa kawaida.

Pili, ukoo wake una heshima. Pale Amani, milimani Usambara, katika taasisi ile waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902, aliishi Mwingereza mmoja, Reginald Moreau. Mapenzi yake yalikuwa ndege. Alikaa huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, akiandika mayai, viota, nani anakwenda wapi na kurudi lini. Basi mtu huyu wa ndege akasikia habari za utani, kwamba kuna watu Tanganyika wanaoweza kumtukana mfiwa msibani wakapewa kuku badala ya kupigwa, akaona jambo hilo haliwezi kuachwa hivi hivi. Mwaka 1941 akatoa makala kuhusu utani katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka mmoja kabla, Radcliffe-Brown, bingwa wa elimu ya jamii ya watu, alikuwa ameandika makala yake ya nadharia kuhusu jambo hilo hilo. Miongo iliyofuata wakaja wengine na wengine. Mchambuzi wetu anaposimama msibani na kaunta buku, ni mrithi wa mtu aliyeshusha darubini kutoka kwenye kozi ili amtazame mtani. Sijui kama mtani naye aliwahi kumtazama Moreau, lakini kwa tabia ya watani, nadhani kuna mahali aliigizwa mwendo.

Tatu, na hapa hata mahasimu wake hunyamaza: mtu msumbufu mwenye karatasi ndiye anayetuhifadhia kumbukumbu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840. Alikuwa fundi wa maneno, wa kuchekesha na wa kuchoma, na mengi ya mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu wakati mji wenyewe unabadilika. Nusu karne baadaye akaja mmisionari, William Taylor, na maswali yake na kalamu yake. Bila shaka alikuwa anachosha. Mtu anayeuliza maana ya kila neno hawezi asichoshe. Aliyemsaidia kukusanya alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Jina lake Sikujua, na ndiye aliyekuwa akijua. Mwaka 1940 William Hichens akayatoa kitabuni, Diwani ya Muyaka, na ndiyo maana leo wewe na mimi tunacheka na mtu aliyelala kaburini karibu karne mbili. Angewaachia waliokuwa wanacheka tu, yangekwisha na meno yao.

Mchambuzi anaijua sana hoja hii, na huitoa hata pale ambapo hajashambuliwa.

Ana hoja nyingine ambayo mimi naiona kali zaidi. Shaaban Robert, anasema, ni mtoto wa mkoa huu huu, alizaliwa Vibambani, Machui, tarehe 1 Januari 1909. Alikuwa karani wa forodha hapo Pangani, maji haya haya. Na alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa shairi ambalo watu wanalijua mpaka leo. “Mbona yeye,” Mchambuzi huuliza, “hakutaja deni la sukari?” Hakuna aliyewahi kumjibu. Mimi jibu ninalo, kwamba Shaaban Robert alikuwa anamlilia mtu mwingine na mzee wetu alikuwa anajililia mwenyewe, na mtu akijililia mwenyewe kwa vina na mizani akakosa kuchekesha kidogo, basi hajawahi kujitazama. Lakini ukimjibu Mchambuzi jioni haitoshi, na mimi nina familia.

Tangu siku ile mambo yamenyooka. Barazani mtu hasimulii tena kisa bila kutazama kwanza nani yupo. Kundi letu la WhatsApp, lile la rambirambi na michango, lilikuwa na tabia ya kujaza vichekesho baada ya kila arobaini. Sasa kila kichekesho kinafuatwa na sauti ya Mchambuzi ya dakika kumi na moja, na kwa hiyo vichekesho vimepungua na bando letu linadumu. Mtani wetu mkubwa, yule wa koti, alibadilika kabisa. Msiba uliofuata alisimama mlangoni, akalizuia jeneza, akatangaza: “Sasa nitatumia mubalagha.” Watu wakampa pesa apite upesi.

Na kuhusu marehemu mwenyewe, kumbukumbu yake imewekwa mahali salama. Zamani watu wangebaki na vipande: mguu wake mfupi, jinsi alivyokuwa anapiga mluzi akirudi bila samaki ili ionekane amepata, jinsi alivyokopa hata moto wa sigara. Sasa yote hayo yamesafishwa. Juzi nilimuuliza kijana mmoja hapa, wa kidato cha pili, kama anamkumbuka mzee yule. Aliwaza, akasema, “Ni msanii aliyetumia lugha rahisi inayoeleweka na jamii.”

Nilipata haja ya kuliona shairi tena mwaka huu, wakati wa kumsomea dua. Ile karatasi ya miraba haipo. Mchambuzi aliirudisha siku ile ile, kwa uaminifu, akaiweka juu ya mfuko wa mkaa, na jikoni walikuwa wanatafuta cha kuwashia kuni. Mtani aliyelisoma alilisoma, hakulihifadhi. Kilichobaki duniani ni kaunta buku. Nikaenda kwake, nikampa shikamoo, nikasimama muda unaostahili, kisha akanifungulia. Beti mbili za mwanzo ziko kamili, zimezungukwa na mishale. Ya nne nayo iko kamili, pembeni imeandikwa “stihizai”. Ya tatu iko hivi:

Arobaini ikisha, na mikeka ikatoka,
Jina langu litakwisha, midomoni kutajika,
(Mshororo wa maelezo ya kawaida. Hauna tamathali.)
Mkinisahau heri, deni halitasahau.

Nilimuuliza kwa adabu ulikuwa unasemaje. “Maneno yenyewe siyakumbuki,” alisema. “Nakumbuka hayakuwa na mvuto wa kisanaa. Nafasi ilikuwa ndogo, nikahifadhi ya maana.”

Hatukuusikia vizuri siku ile kwa sababu bado tulikuwa tunaucheka mshororo uliotangulia. Huo, kama nilivyokwisha kusema, ndio ubaya wa kucheka ovyo. Mama mdogo, aliyekuwa jikoni ambako kelele zilikuwa chache, anashikilia kwamba mshororo ule ulitaja kopo. Kopo la maziwa ya unga, anasema, na lilikuwa chini ya mnazi, na ndani yake kulikuwa na kitu cha mwenye duka. Mtani anakubali mnazi; kopo halijui. Mjukuu wa marehemu, ambaye siku ile alikuwa na miaka saba, anasema kulikuwa na neno “baharini”, au “barabarani”.

Aliyekuwepo akasikia zaidi ya hapo, tafadhali afike kijijini aseme. Mwenye duka ameomba ruhusa kwa wenye mali, akapewa. Alichukua jembe jipya dukani kwake mwenyewe, shilingi 12,000, akaliandika kwenye ukurasa wa marehemu, kwa hiyo deni sasa ni shilingi 29,500. Minazi ni kumi na mmoja. Mpaka jana magharibi alikuwa amemaliza wa saba.